Vivekananda: Njaa haikumvunjia miiko

Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Methali hii twaifundisha madarasani kila mwaka, na ni wachache wanaothubutu kuihoji. Hata hivyo, yuko kijana mmoja wa India aliyebanwa na njaa barabara, naye miiko yake asiitupe. Huyo ni Narendranath Datta, ambaye ulimwengu ulikuja kumfahamu kwa jina la Swami Vivekananda.

Alizaliwa mjini Calcutta tarehe 12 Januari 1863. Babake, Vishwanath Datta, alikuwa wakili wa Mahakama Kuu, mtu mkarimu aliyetumia kuliko alivyochuma. Kijana alilelewa katika neema, akasoma falsafa ya Ulaya chuoni, akawa mdadisi asiyekubali neno la dini bila ya ushahidi. Mnamo 1881 alikutana na Ramakrishna, mcha Mungu wa hekalu la Dakshineswar kando ya mto Hooghly. Alimpenda mzee huyo, lakini hakuacha kumbishia.

Mwaka wa 1884 babake alifariki ghafla. Wadai wakabisha hodi, jamaa wakagombania nyumba, na marafiki wa jana wakajitenga. Kijana aliyehitimu shahada akawa anazurura mjini kutafuta kazi, tumbo tupu na miguu mitupu. Nyumbani alisingizia kwamba amealikwa kula kwingine, ili mama na wadogo zake wagawane kidogo kilichokuwapo.

Hatimaye alimsihi Ramakrishna awaombee jamaa zake riziki kwa Kali, mungu wa kike wa hekalu lile. Mwalimu alimtaka aende akaombe mwenyewe. Yasimuliwa kwamba usiku huo aliingia hekaluni mara tatu, na mara zote tatu alitoka bila kutaja fedha. Alichoomba ni busara ya kupambanua mambo, moyo wa kujinyima, maarifa na ucha Mungu. Ndipo Ramakrishna alipomhakikishia kwamba jamaa zake hawatakosa chakula cha kawaida na mavazi.

Kisa hiki kisitufanye tudhani kwamba Uhindu unaudharau mwili. Wahindu wamehesabu tangu kale malengo manne ya maisha: mali, starehe, wajibu na ukombozi wa roho. Mali na starehe vina mahali pake; kosa ni kuvifanya kikomo cha safari. Falsafa ya Vedanta, aliyoifuata Vivekananda, hufundisha kwamba nafsi halisi ya binadamu, iitwayo atman, haizaliwi wala haifi. Basi nafsi hiyo haiwezi kuridhishwa na kile kinachoshibisha tumbo tu.

Ramakrishna alipofariki mwaka wa 1886, kijana huyu na wenzake waliingia utawa. Aliizunguka India kwa miaka kadhaa akila alichopewa, akauona ufukara wa watu wake kwa macho. Mnamo tarehe 11 Septemba 1893 alihutubia Bunge la Dini za Ulimwengu mjini Chicago, na sifa zake zikaenea. Angaliweza kustarehe ugenini. Badala yake alirejea mapema mwaka wa 1897, na tarehe 1 Mei akaunda shirika la Ramakrishna Mission, ambalo mwaka huo huo lilianza kuwalisha wenye njaa wilayani Murshidabad. Tauni ilipoingia Calcutta mwaka wa 1898, alikuwa tayari kuuza hata kiwanja kilichonunuliwa kwa ajili ya makao ya watawa, ili wagonjwa wahudumiwe.

Hapa ndipo lilipo somo lake kubwa. Njaa yake mwenyewe hakukubali imtawale. Njaa ya mwenziwe aliihesabu kuwa mwito wa ibada. Kumhubiria dini mtu anayekufa njaa, kwake yeye, kulikuwa ni kumtukana. Wengi wetu hugeuza mambo: hujihurumia sisi wenyewe, kisha tukamwusia jirani subira.

Alifariki tarehe 4 Julai 1902, hajatimiza miaka 40.

Walimu wenzangu, twawahimiza wanafunzi wasome wapate kazi, na si vibaya, kwani tumbo halina likizo. Lakini mwanafunzi asiyeambiwa neno jingine zaidi ya hilo atakuwa na swali siku atakaposhiba. Tumwandae kulijibu angali darasani.