Lamborghini: Mtoto wa mkulima aliyekuza injini ndogo, akauza matrekta, kisha magari ya kifahari

KATIKA gereji za mjini Singida, mazungumzo juu ya injini hayaishi. Huyu ana kigari kidogo cha milango miwili ambacho injini yake ya asili imechoka, naye anataka kuweka kubwa zaidi ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Yule ana mashine ya kukamua alizeti, na anaona injini anayoitumia haitoshi msimu unapopamba moto. Wote wawili wanaulizwa na fundi swali lile lile: chombo chenyewe kitaihimili injini hiyo?

Swali hilo lilimfuata maisha yake yote mtu mmoja ambaye jina lake leo linajulikana hata kwa watoto, kutokana na magari ya kifahari yenye nembo ya fahali. Huyo ni Ferruccio Lamborghini wa Italia, aliyefariki dunia mwaka 1993. Wasichokijua wengi ni kwamba alikuwa mtoto wa mkulima, na kwamba utajiri wake ulitokana na matrekta kabla hajaunda gari hata moja la kuuza.

Kutoka shamba la zabibu

Lamborghini alizaliwa Aprili 28, 1916 katika kijiji cha Renazzo, karibu na mji mdogo wa Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Antonio na Evelina, walikuwa wakulima wa zabibu. Eneo hilo ni tambarare lenye udongo mzuri, lakini katika miaka hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kulima ilifanywa kwa ng'ombe na farasi, jambo ambalo mkulima wa Iramba au Mkalama hahitaji kuelezwa.

Kijana huyo hakuvutiwa na jembe. Kilichomvutia ni vyombo vilivyofanya kazi ya jembe, na muda mwingi alikuwa akifungua na kufunga vifaa vya pale shambani. Wazazi hawakumzuia. Akaenda kusomea ufundi wa mitambo karibu na Bologna, mji mkubwa wa eneo hilo.

Mwaka 1940 aliingizwa katika jeshi la anga la Italia na kupelekwa kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni sehemu ya Ugiriki na wakati huo kilikuwa chini ya Italia. Huko hakurusha ndege. Alipewa karakana ya magari, na baadaye akawa msimamizi wake. Kisiwani vipuri havikufika kwa urahisi wakati wa vita, kwa hiyo fundi alilazimika kutoa kifaa kwenye gari lililokufa ili kulifufua lililo hai. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alichukuliwa mateka na Waingereza, na akarudi kwao mwaka uliofuata.

Mwaka 1947 alipata pigo kubwa. Mkewe alifariki dunia wakati akijifungua mtoto wao wa kiume, Tonino. Lamborghini alibaki na mtoto mchanga, gereji ndogo, na nchi iliyoharibiwa na vita.

Matrekta ya mabaki ya vita

Italia ya wakati huo ilikuwa na upungufu wa chakula na uhaba wa matrekta. Mapya yalikuwa ghali mno kwa mkulima wa kawaida. Kwa upande mwingine, majeshi yalikuwa yameacha malori mengi yaliyokuwa yakiuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Wengine waliona takataka, Lamborghini akaona injini, gia boksi na difu.

Alianza kununua mabaki hayo na kuyaunganisha upya. Injini aliyoitegemea zaidi ilikuwa ya Morris, ya Uingereza, yenye silinda sita. Injini ya lori la jeshi iliwekwa katika chombo cha kulimia, na ekseli zilizokuwa zikibeba askari zikawa zinavuta plau. Trekta lake la kwanza aliliita Carioca.

Kikwazo kilikuwa mafuta. Injini hizo zilitumia petroli, ambayo mkulima wa Italia hakuimudu. Hapo ndipo Lamborghini alipotumia akili iliyomtoa. Alibuni kifaa kilichoiwezesha injini kuwashwa kwa petroli, na ikishapata moto kubadilishiwa mafuta mazito ya bei nafuu. Kifaa hicho kilitumia joto la moshi wa injini yenyewe kuyageuza mafuta hayo kuwa mvuke kabla hayajaingia kwenye silinda. Mkulima alitumia petroli kidogo asubuhi, kisha akalima siku nzima kwa gharama ndogo.

Hiyo ndiyo siri ya biashara yake ya kwanza. Hakuuza nguvu ya injini peke yake. Aliuza nguvu ambayo mteja aliweza kuilipia. Mwaka 1948 aliunda kampuni ya matrekta yenye jina lake, na katika miaka ya 1950 kiwanda kikaacha kutegemea mabaki ya vita na kuanza kutengeneza injini zake.

Kigari cha Topolino

Katika mwaka huo huo wa 1948, Lamborghini alifanya jambo ambalo vijana wengi wa gereji wangelifurahia. Alikuwa na Fiat 500, kigari kidogo kilichopewa na Waitaliano jina la utani la Topolino, yaani kijipanya. Kilianza kutengenezwa mwaka 1936, kilikuwa na uzito wa takribani nusu tani, na injini yake ya cc 569 ilitoa nguvu ya farasi 13 tu.

Alikifungua chote katika karakana yake. Akakiondolea bodi ya asili na kukifanya gari la wazi la watu wawili, la michezo. Kisha akaikuza injini kutoka cc 569 hadi cc 750, yaani ongezeko la karibu theluthi moja.

Anayeongeza injini kwa namna hiyo, iwe kwa kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi au kwa kuiondoa injini nzima na kuweka nyingine, hukutana na mambo yale yale. La kwanza ni joto. Topolino haikuwa na pampu ya maji. Maji yalizunguka yenyewe kwa nguvu ya joto hadi kwenye rejeta iliyowekwa nyuma ya injini, na mpango huo ulitosha kwa farasi 13. La pili ni klachi, gia boksi na difu, ambavyo kila kimoja kimepimwa kwa nguvu fulani na si zaidi. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zilisimamishe gari huongezeka takribani mara nne. Dereva aliyewahi kuteremka Sekenke na mzigo wa alizeti analijua hilo bila kufundishwa darasani.

Mei mwaka huo Lamborghini aliingiza kigari chake katika Mille Miglia, mashindano maarufu ya Italia yaliyofanyika kwenye barabara za kawaida kwa umbali wa zaidi ya kilometa 1,600. Kigari kilikwenda vizuri kwa kilometa 1,100 hivi, jambo ambalo si dogo kwa chombo kilichoundwa kwenye karakana ya mtu binafsi. Lakini kilipofika Fiano, karibu na Turin, kiliacha njia na kuvamia ukuta wa mgahawa. Safari ikaishia hapo, na hamu yake ya mashindano ikaishia hapo pia. Alirudi kwenye matrekta.

Kutoka trekta hadi gari la kifahari

Biashara ilikua. Kufikia mwaka 1960 alikuwa pia na kiwanda cha vifaa vya kupasha nyumba joto, na matrekta yake yalikuwa yakiuzwa ndani na nje ya Italia. Akawa na fedha za kununua magari aliyoyataka, yakiwamo ya Ferrari.

Kwa mujibu wa simulizi aliyoipenda mwenyewe, klachi ya Ferrari yake ilikuwa ikimsumbua mara kwa mara. Alipoifungua kwenye kiwanda chake aligundua kuwa ni ya aina ile ile aliyokuwa akiifunga kwenye matrekta. Alimweleza Enzo Ferrari malalamiko yake, akajibiwa kwamba mtengeneza matrekta hana la kumfundisha mtengeneza magari. Simulizi hiyo ina wenye kuitilia chumvi, lakini matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1963 Lamborghini alianzisha kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese, kilometa chache kutoka alikozaliwa. Kwa kuwa alizaliwa chini ya nyota ya ng'ombe, nembo ikawa fahali.

Kazi ya kusanifu injini alimpa mhandisi Giotto Bizzarrini, aliyewahi kufanya kazi Ferrari. Ilikuwa ya silinda 12 na lita 3.5. Gari la kwanza, 350 GT, liliingia sokoni mwaka 1964. Muda si mrefu injini hiyo ikakuzwa hadi karibu lita 4, kama alivyofanya kwa kijipanya chake miaka ya nyuma.

Mwaka 1966 likatoka gari la Miura, lililowashangaza wengi kwa sababu injini hiyo kubwa ya silinda 12 iliwekwa kwa upana, nyuma ya viti. Wahandisi vijana Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na dereva wa majaribio Bob Wallace kutoka New Zealand, ndio waliolisukuma wazo hilo. Hata hapo swali la kale halikukwepeka. Chesisi za mwanzo zilibidi ziimarishwe baadaye, na katika mwendo mkali pua ya gari ilikuwa ikiwa nyepesi kiasi cha kumtia dereva hofu.

Injini kubwa kuliko chesisi

Kwa nje, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lamborghini alionekana kufika kileleni. Kwa ndani, nguzo iliyobeba yote ilikuwa ile ile ya matrekta. Magari ya kifahari yaliuzwa machache, na yalihitaji kiwanda cha kisasa na mafundi wa gharama kubwa. Nguzo ikitikisika, vyote vitatikisika.

Ndivyo ilivyokuwa. Matrekta mengi yalikuwa yakiuzwa nje, na wanunuzi wakubwa wakaanza kujitoa. Mwagizaji wake wa Afrika Kusini alifuta oda. Bolivia, ambako serikali ilipinduliwa mwaka 1971, nayo ilifuta oda kubwa wakati matrekta yakiandaliwa kusafirishwa. Kiwanda kilibaki na bidhaa zisizo na mnunuzi na wafanyakazi wanaotakiwa kulipwa.

Mwaka 1972 kampuni ya matrekta, kazi ya mikono yake tangu ujana, iliangukia mikononi mwa kampuni nyingine ya Italia, SAME. Mwaka huo huo aliuza asilimia 51 ya kiwanda cha magari, na mwaka 1974 akauza sehemu iliyobaki. Akiwa na umri wa miaka 58 hakuwa tena na hisa katika magari yaliyobeba jina lake.

Lakini hakufa maskini wala mwenye kinyongo. Alihamia kwenye shamba lake karibu na Ziwa Trasimeno, katikati ya Italia, akapanda zabibu na kutengeneza mvinyo, kazi ile ile ya wazazi wake aliyoikimbia akiwa kijana. Alifariki dunia Februari 20, 1993 mjini Perugia, akiwa na umri wa miaka 76. Matrekta yenye jina lake bado yanatengenezwa chini ya kundi la SDF, na magari yako chini ya Audi tangu mwaka 1998.

Somo kwa fundi na mwekezaji wa Singida

Kwa anayetaka kukiwekea kigari chake injini kubwa, maisha haya hayasemi asithubutu. Yanasema aanze kuhesabu upande wa pili: rejeta, klachi, difu, springi, na kabla ya vyote breki. Kama fedha inatosha kununua injini tu, basi bado haijatosha. Pia akumbuke kwamba kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Injini ikibadilishwa, taarifa hizo zirekebishwe TRA na kampuni ya bima ijulishwe, kwani siku ya ajali si siku ya kuanza kujieleza.

Kwa mwenye mashine ya alizeti hesabu ni hiyo hiyo. Injini kubwa kwenye mashine dogo haikamui mafuta mengi zaidi. Huvunja shafti na kukata mikanda katikati ya msimu, wakati magunia ya wateja yamepanga foleni nje.

Na kwa mwenye biashara inayokua, aliyeanza na duka moja na sasa anafikiria hoteli na mabasi, aangalie kwanza ni nguzo ipi inayobeba vingine, na ina wateja wangapi. Lamborghini aliyejenga trekta kwa vyuma chakavu alijua uwezo wa kila ekseli aliyoifunga. Ilipofika zamu ya biashara yake, wanunuzi wachache wa mbali walitosha kuiangusha.