Johann Krapf na Biblia Tuliyoirithi

Soma kwa ajili ya somo hili: Nehemia 8:8, Yohana 4:37, 38, Matendo 17:11.

Mara nyingi darasani aya husomwa, kisha mshiriki mmoja huinua mkono na kusema kwamba Biblia yake haikuandikwa hivyo. Mabishano huanza. Tafsiri ipi ni sahihi? Tena, ilifanywa na watu wa dhehebu gani? Maisha ya Johann Ludwig Krapf yanatusaidia kuyatazama maswali haya kwa unyenyekevu.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, akalelewa katika Ulutheri. Hata hivyo, waliomtuma Afrika walikuwa Waanglikana wa Uingereza, kupitia chama chao cha kimishenari, CMS. Alihudumu kwanza Ethiopia. Mlango huko ulipofungwa, yeye na mkewe Rosine walikuja pwani yetu, wakafika Mombasa mwaka 1844.

Hakukawia kuanza kutafsiri. Mwezi Juni mwaka huo huo alikishika kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, mwanazuoni wa Kiislamu aliyeijua lugha vizuri kuliko yeye. Lakini mwezi Julai homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua binti, na baada ya siku chache mama na mtoto wote wawili walifariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara.

Angeweza kupanda chombo na kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakaanzisha kituo Rabai. Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili. Afya ilimlazimu kuondoka mwaka 1853, naye akafa mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Hakuiona ikiwa kitabu.

Wala hakuiona Biblia nzima ya Kiswahili. Kule Unguja, Askofu Edward Steere, Mwanglikana wa chama kingine, alikuwa akitafsiri kwa Kiunguja, ilhali Krapf alifuata Kimvita. Biblia nzima ya Kiunguja ilichapishwa mwaka 1891, na ya Kimvita mwaka 1914. Kwa miaka mingi, basi, waumini wa pwani moja walisoma aya ile ile kwa maneno tofauti, lakini habari ya Mwokozi ilikuwa moja. Tafsiri ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ililenga kuwaunganisha wasomaji hao.

Wamishenari wa kwanza wa Kiadventista walipofika Upare mwaka 1903, Biblia ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Ukweli wa Sabato na wa marejeo ya Kristo ungeweza kuonyeshwa katika kurasa zilizoandaliwa na watu ambao wenyewe walitunza Jumapili. Wengine walilima, nasi tumeingia katika taabu yao.

Je, basi madhehebu yote ni sawa? Hapana. Waberoya walimheshimu Paulo, na bado walimpima kwa Maandiko kila siku. Nasi tunaweza kumshukuru Mungu kwa kazi ya Mlutheri na Mwanglikana, kisha tukayapima mafundisho yao, pamoja na yetu, kwa Neno hilo hilo walilotuachia.

Tafsiri zinapotofautiana, tusikimbilie kuitupa moja. Tusome sura nzima, tulinganishe tafsiri ya tatu, na tuiache aya iliyo wazi ifafanue ile ngumu. Fundisho linalosimama juu ya neno moja la tafsiri moja tu halina msingi imara. Kwa mzee aliyezoea Union Version na kijana anayeelewa zaidi tafsiri ya Kiswahili cha leo, kipimo ni kile cha siku za Ezra: je, watu wamefahamu kilichosomwa?

Maswali ya Kujadili

1. Ni nini hubadilika moyoni mwako unapokumbuka gharama iliyolipwa ili uwe na Biblia katika lugha yako?

2. Tunawezaje kuushuhudia ukweli wa Sabato kwa jirani wa dhehebu lingine bila kudharau mema tuliyopokea kupitia kanisa lake?

3. Chagueni aya moja ya somo hili. Isomeni katika tafsiri mbili. Tofauti zake zinaongeza nini katika uelewa wenu?