Mke wa Livingstone na mimba ya miaka 37

Ukitoka Kigwa kwenda Tabora unafuata njia ya zamani ya misafara ya pembe za ndovu. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Huyo watoto wetu wanamsoma shuleni. Mkewe, Mary, hatajwi sana, na leo nataka umjue yeye, hasa kama umevuka miaka 35 na mwezi huu hujaziona siku zako.

Mary Moffat alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1821, akaolewa 1845. Kifungua mimba alikuja 1846, wa pili 1847, wa tatu 1849, wa nne 1850. Huyo wa nne, Elizabeth, alifariki akiwa na wiki sita tu, na mama akapooza upande mmoja wa uso. Mwaka uliofuata alijifungua wa tano porini, kando ya mto katika Botswana ya leo, safarini na mumewe. Watoto watano ndani ya miaka sita! Mwili ule haukupewa nafasi hata ya kupumua.

Ikapita miaka saba. Machi 1858, akikaribia miaka 37, alipanda meli na mumewe kutoka Uingereza kuelekea Zambezi. Njiani akaugua na kutapika; ikabainika ni mimba, si mawimbi peke yake. Mume akaendelea na safari, yeye akashukia Cape Town na kwenda kwa wazazi wake Kuruman, ambako Anna Mary alizaliwa Novemba.

Hapa ndipo ninapotaka tuongee. Mama wa umri huo akikosa hedhi hudhani amefikia ukomo. Kichefuchefu hukiita malaria au vidonda vya tumbo. Anafika kliniki mimba ina miezi sita. Kumbe baada ya miaka 35 hatari ya presha, kisukari cha mimba, mimba kuharibika na kondo kukaa vibaya huongezeka. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down, ambao kwa mama wa miaka 25 ni chini ya mmoja kati ya 1,000, hufikia takribani mmoja kati ya 100 kwa mama wa miaka 40. Na aliyezaa mara tano, mfuko wake wa uzazi unaweza kushindwa kujikaza, akatoka damu nyingi. Usijifungulie nyumbani eti waliotangulia walitoka salama.

Wengi hujifungua vizuri. Pima mapema, fika kliniki kabla ya wiki 12, upimwe presha, damu, mkojo na sukari. Lala ndani ya chandarua, na dawa ya SP uanze mwezi wa nne. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyo hiyo. Usafiri wa kutoka kijijini upangwe mapema. Baba, hilo ni lako.

Mary hakuuawa na uzazi. Alimfuata mumewe mwaka 1862, na Aprili 27 malaria ikamuua huko Shupanga, Msumbiji, akiwa na miaka 41. Kitinda mimba wake alikuwa Uskoti, ana miaka mitatu. Baba yake alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1864.