Gary Gygax: Fundi viatu aliyemfanya raia wa kawaida ahesabike mchezoni

Mwaka 1970, Gary Gygax alipoteza kazi yake ya bima jijini Chicago, Marekani. Nyumbani ana mke na watoto, mfukoni hakuna kitu. Akaanza kutengeneza viatu katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Muda uliobaki, jamaa aliutumia kuandika kanuni za michezo.

Leo anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa Dungeons & Dragons. Huu ni mchezo wa mezani: kila mchezaji anaigiza mtu wake, msimamizi anaongoza hadithi, na dadu zinaamua kama jambo analojaribu mtu limefaulu.

Sanamu 1, askari 20

Gygax alizaliwa Chicago Julai 27, 1938, na familia yake ikahamia Lake Geneva akiwa mtoto. Alipenda sana michezo ya vita inayochezwa kwa masanamu madogo. Mwaka 1971 alitoa na Jeff Perren kanuni za Chainmail, ambazo kwenye vita vikubwa sanamu 1 lilihesabiwa kama askari 20. Mtu mmoja mmoja hakuwa na jina wala shida zake.

Mambo yalibadilika Dave Arneson wa Minnesota alipomwonyesha mchezo wake, Blackmoor, ambao mchezaji anakuwa mtu mmoja tu. Wawili hao wakaandika Dungeons & Dragons. Mwaka 1973 Gygax na rafiki yake Don Kaye wakaanzisha kampuni ya TSR, na Januari 1974 nakala 1,000 za kwanza zikatoka.

Raia naye ana hesabu yake

Shujaa wa mchezo huu hukua na kuongeza nguvu. Raia wa kawaida hakui. Uhai wake ni mdogo, pigo moja la upanga linaweza kummaliza.

Lakini kanuni zilimpa raia kitu kingine: uaminifu unaopanda na kushuka. Ukimwajiri, ukamlipa vizuri na kumtendea haki, atakaa na wewe hata hatari ikija. Ukimnyanyasa, dadu zikirushwa anaweza kukukimbia katikati ya vita.

Mwaka 1979 Gygax alitoa kitabu kuhusu kijiji cha kubuni kiitwacho Hommlet. Alikieleza nyumba kwa nyumba: mkulima, msaga nafaka, mhunzi, hata fundi ngozi anayeshona viatu. Wengine walikuwa wapelelezi wa adui waliojificha kwenye biashara. Kwa hiyo mchezaji asiyesalimia watu asingeweza kumjua rafiki wala adui.

Msomaji wa Mafia anaweza kufikiria kijiji cha Baleni. Kuna mkwezi wa minazi, mama muuza maandazi, mwalimu wa madrasa na fundi baiskeli. Mgeni mwenye upanga akinywa madafu ya watu bila kulipa, hakuna atakayepigana naye. Ila kesho akiuliza njia, kila mtu atasema hajui. Msimamizi mzuri wa mchezo hahitaji zimwi hapo, wanakijiji wanatosha.

Kampuni ikamponyoka

Mwenyewe Gygax yalimkuta. Kaye alifariki mwaka 1975, na hisa nyingi za TSR zikaishia mikononi mwa familia ya Blume. Mwaka 1985 familia hiyo iliuza hisa zake, Gygax akaondolewa kwenye uongozi. Alikwenda mahakamani akashindwa, na mwaka 1986 akaachana kabisa na kampuni aliyoianzisha.

Hakuacha kuandika michezo wala kucheza na watu waliomtembelea. Alifariki Machi 4, 2008 akiwa na miaka 69, hapohapo Lake Geneva, mji aliowahi kuwatengenezea watu viatu.