Mwalimu mkuu aliyerudi kushika chaki

Kila mwaka msimu wa mitihani unapowadia nchini, macho yote huelekezwa kwa mtahiniwa. Huyo huombewa makanisani na misikitini, hupikiwa vizuri nyumbani, na hata wanasiasa humtumia salamu za heri. Mwalimu aliyemfikisha hapo hukumbukwa baadaye, matokeo yanapotangazwa, na namna anavyokumbukwa hutegemea gredi ya wastani ya somo lake. Ikipanda, hubebwa juu kwa juu na kuimbiwa. Ikishuka, wazazi hufika langoni wakidai ahamishwe. Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kupanga shule kwa nambari mwaka 2014, lakini mimi sijauona mwaka ambao mashindano hayo yalikoma mioyoni mwa watu.

Wengi katika walimu ninaozungumza nao wamepitia mikononi mwangu chuoni, na malalamiko yao hayatofautiani sana. Kazi hawaiogopi. Wanalouliza ni kwamba, huyo anayedai kuwatambua, anaona nini hasa? Swali hilo lanipendeza kama mwanaisimu, kwani kutambua kitu katika lugha yetu si kukihesabu, bali ni kukijua kwa alama zake hata kikiwa kimechanganywa na vingine. Mwalimu wa darasa la watoto wazito, aliyewatoa katika E na kuwafikisha D, ana alama zake. Nani anazisoma?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya Edward Carey Francis, mwalimu ambaye wazee waliosomea Maseno na Alliance hawawezi kumtaja bila ya kunyoosha mgongo.

Francis alizaliwa London mwaka 1897. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta kijana, akatumika kama afisa katika jeshi la Uingereza. Vita vilipokwisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, akafuzu hisabati kwa daraja la kwanza, kisha akawa mhadhiri huko huko na mmoja wa wanazuoni wa chuo cha Peterhouse. Mwaka 1928 kilichapishwa kitabu cha mazoezi ya mifululizo isiyo na kikomo, alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa karne ile. Anayeijua kazi ya chuo kikuu anafahamu maana ya jina la mhadhiri kijana kuwekwa kando ya jina kama hilo. Ni mlango wa maisha mazima. Mwaka huo huo Francis aliufunga mlango huo, akapanda meli kuja Kenya chini ya misheni ya CMS, akawa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, karibu na Ziwa Viktoria. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Alikaa Maseno miaka 12. Mwaka 1940 akahamishiwa Alliance High School, Kikuyu, shule iliyoanzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti mwaka 1926, na hapo akakaa hadi mwaka 1962. Katika miaka hiyo 22 Alliance ilijulikana kote katika Afrika Mashariki kwa mtihani wa cheti cha Cambridge, ambao karatasi zake zilisahihishwa Uingereza. Vijana wake walijaa Makerere. Baraza la kwanza la mawaziri la Kenya huru lilikuwa na wanafunzi wengi wa shule hiyo. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kudai sifa za matokeo, basi ni yeye. Hata hivyo alilosisitiza mbele ya wanafunzi na walimu ni tabia na bidii ya kila siku, mtihani ukija nyuma yake.

Sitaki kumpaka mafuta. Nidhamu yake ilikuwa kali, na fimbo ilikuwa sehemu yake. Alikuwa mtu wa utawala ule uliomleta, na siasa za Waafrika za kudai uhuru alizitazama kwa jicho la shaka. Katika miaka ya Hali ya Hatari alipinga Mau Mau waziwazi, ingawa vilevile aliulalamikia ukatili wa majeshi ya serikali dhidi ya raia, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati ule walilifumbia macho. Jaramogi Oginga Odinga, aliyefundisha chini yake huko Maseno, hakukubaliana naye katika mengi. Naona Odinga alikuwa na haki. Mwalimu Mwafrika wa siku zile alilipwa kwa daraja la rangi yake, na hakuna ibada ya asubuhi iwezayo kulifuta hilo.

Hapa nawaomba wasomaji wangu, hasa walimu vijana, wawe macho. Maisha ya Carey Francis hupenda kutajwa na watu wasiotaka kuwalipa walimu. Huambiwa kwamba ualimu ni wito, mtazameni yule bwana wa Cambridge aliyeacha yote. Naam, aliacha yote. Lakini hakuoa, hakuwa na mtoto wa kulipiwa karo, wala hakuwa na mwenye nyumba wa kumgongea mlango tarehe tano ya mwezi. Kumpa mfano wake mwalimu wa sekondari msingi aliyegoma mwaka 2024 akidai aajiriwe kwa masharti ya kudumu ni kumfanyia mzaha.

Na wito haukuwazuia Waafrika waliokuwa katika kazi hiyo hiyo kudai haki. Chama cha kwanza cha walimu Waafrika nchini kilianzishwa mwaka 1934, wakikiongoza Eliud Mathu na James Gichuru, wote wawili watoto wa Alliance. Mathu ndiye aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944. Chama cha KNUT kilifuata mwaka 1957, na kelele zake za kutaka mwajiri mmoja kwa walimu wote zikazaa Tume ya Kuajiri Walimu mwaka 1967. Kutambuliwa kwa mshahara kulipiganiwa na watu hao, si na Francis.

Basi kwa nini namrudia yeye? Namrudia kwa sababu ya yale aliyoyafanya mwaka 1962. Alistaafu ukuu wa shule akiwa na umri wa miaka 65, amekwisha kupewa nishani ya OBE, wanafunzi wake wakijiandaa kuishika serikali. Angeweza kurudi Uingereza akapumzika. Angeweza pia kukaa katika kamati za elimu za Nairobi na kuitwa mgeni wa heshima katika kila siku ya kutoa zawadi. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa makabwela mashariki mwa jiji, akaomba kazi ya ualimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya huko. Wengi katika vijana wa Pumwani walikuwa wale ambao Alliance isingewachukua. Aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka 34 akawa mwalimu wa darasani, chini ya mwalimu mkuu mwingine, akiingia na kutoka kwa ratiba aliyopangiwa.

Nimekitafakari kitendo hicho mara nyingi, kwani katika taaluma yetu cheo kikishapandwa hakishukwi. Mwalimu bora huondolewa darasani akapewa ofisi, na hiyo ndiyo tunayoiita zawadi. Francis alionekana kuamini kwamba ofisi ndiyo iliyokuwa mzigo na darasa ndilo malipo. Pumwani haikuwa na matokeo ya kumwongezea jina.

Alifundisha huko miaka minne. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1966, angali mwalimu wa Pumwani. Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa bado miezi michache tu, na ilibidi mwalimu mwingine aingie darasani kuyaendeleza masomo pale alipoyaacha.