Hugh Tracey na Mahali pa Sauti

Aghalabu nisikilizapo nyimbo zinazorekodiwa siku hizi katika studio za Nakuru na miji jirani, huusikia mwangwi kabla ya kumsikia mwimbaji. Sauti huvikwa mwangwi mzito hata maneno yakapotea, nayo lugha ya mtunzi, iwe Kikalenjin, Kikikuyu au Kiswahili, ikawa uvumi mtupu. Wanafunzi wetu wamekwisha kuuiga mtindo huo. Ndiyo maana naona yafaa tuyatazame maisha ya Hugh Tracey, aliyetumia takriban nusu karne akinasa sauti za Waafrika.

Tracey alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Devon, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kulima tumbaku pamoja na kaka yake. Huko shambani alijifunza nyimbo za Washona aliofanya kazi nao, na mwaka 1929 akawapeleka vijana 14 Johannesburg wakarekodiwe. Baadaye alifanya kazi ya utangazaji Durban, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Alifariki mwaka 1977, akiwa ameacha zaidi ya santuri 200 katika mfululizo wake mkuu.

Mwaka 1950 safari zake zilimfikisha Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, Kericho. Hakuwa na studio. Mara nyingi alirekodi nje, maikrofoni akiishika mwenyewe na kuisogeza karibu na mwimbaji au ala aliyotaka isikike. Kazi ya namna hiyo yatukumbusha kwamba mwangwi ni habari ya mahali. Sauti hutoka kinywani, ikagonga kuta na dari, kisha ikarudi imechelewa na kufifia. Katika kanisa kubwa la mawe hudumu sekunde kadhaa. Katika chumba chenye mazulia na mapazia hufa upesi. Kwenye uwanja wa nyasi karibu hairudi kabisa. Basi rekodi za Kapkatet zinatuweka uwanjani, hatua chache tu kutoka kwa waimbaji.

Wimbo uliopata sifa kuliko zote huko ni Chemirocha, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenziwe kwa kinubi. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake ziliwafikia Wakipsigis kwa gramafoni. Wao waliisikia sauti isiyo na mwenyewe wala mahali, wakaiumbia mwenyewe: nusu mtu, nusu swara. Mimi naona hapo pana funzo kubwa. Sauti ikikosa mahali, msikilizaji ataitafutia pake.

Sisemi kwamba Tracey hakuwa na kasoro. Alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na ndiye aliyechagua kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe. Santuri zilikwenda mbali, ilhali watu wa Kapkatet walibaki bila kuzisikia. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo maktaba yake, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirejesha huko. Hata hivyo, hatimaye zilirejea. Je, nyimbo tunazorekodi leo zitaeleweka na wajukuu wetu?

Kompyuta ya leo yaweza kumpa mwimbaji kanisa, ukumbi au pango kwa kubofya mara moja. Si kosa kuitumia. Kwaya ya kanisa huhitaji nafasi ya kuvuma, na sauti iliyonaswa katika kijichumba kilichozibwa huweza kusikika kama imefungiwa kabatini. Lakini mwalimu na awaulize wanafunzi kwanza: mwimbaji huyu amesimama wapi? Wakishajibu, wachague urefu wa mwangwi unaolingana na mahali hapo. Wimbo wa mwendo wa kasi utake mwangwi mfupi, kwani ule mrefu huliangukia neno linalofuata. Waache pengo dogo kabla mwangwi haujaanza, ili neno litangulie. Wapunguze ngurumo za chini katika mwangwi wenyewe. Kisha waupandishe mpaka usikike, waurudishe chini kidogo, na wamwite mtu asiyeujua wimbo awaambie maneno aliyoyasikia. Akishindwa, mwangwi umezidi.

Chemutoi Ketienya na wenziwe hawakuwa na mtambo wa kuwapamba. Walikuwa na neno la kusema, na mbele yao alikuwapo mtu aliyeijongeza maikrofoni ili tulisikie. Wanafunzi wetu nao wastahili kusikika hivyo.