Robert Koch: Daktari wa malale na wagonjwa waliopofuka

Alizaliwa lini?
Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal, Ujerumani, akasomea udaktari Göttingen.

Alipata sifa kwa nini?
Mwaka 1876 alionyesha kuwa kimeta husababishwa na bakteria. Mwaka 1882 akatangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Alifuata nini Ziwa Viktoria?
Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma kutafuta tiba ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Aliweka kambi visiwa vya Sese, Uganda, akawadunga wagonjwa zaidi ya 1,000 dawa ya atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni walipata nafuu. Vijidudu viliporudi kwenye damu, Koch aliongeza dozi maradufu. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja. Alirudi kwenye dozi ndogo, lakini dawa yenyewe hakuiacha.

Kagera ilihusikaje?
Mwaka 1907 alifika Kisiba, kaskazini mwa Bukoba, ambako wanaume waliokwenda Uganda kutafuta kazi walirudi na malale. Alishauri wagonjwa watengwe kambini. Kambi moja ilijengwa Kigarama, na atoksili ikatumika huko pia.

Nani aliwajibika?
Koch alifariki Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden akiwa na heshima zake zote. Waliopofuka walikuwa watu wa makoloni, bila wakili wala mfuko wa fidia. Hata majina yao hayatajwi anapotajwa daktari wao.

Leo hali ikoje?
Mchimbaji mdogo wa dhahabu Biharamulo anayeshika zebaki, au mkulima wa Ngara anayepuliza dawa ya wadudu, ana njia ambayo wagonjwa wale hawakuwa nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira safi na salama. Nchini Kenya, mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi iliyotoka kiwandani. Kesi kama hizo husimama kwa ushahidi: vipimo vya damu, cheti cha daktari, tarehe, na jina la kilichokudhuru. Vitunze.